Njia za Panya za Kampala na Njia za Makazi Yetu

(Maneno haya yalisemwa na mjumbe wa kamati ndogo ya maji na barabara, mbele ya mkutano wa maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Yamechapwa hapa kwa ombi la wakazi wa vitongoji vipya, ambao wengi wao hawakufika uwanjani kwa kuwa siku hiyo ilikuwa zamu yao ya mgawo.)



Kwanza naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Ratiba inasema nitazungumza juu ya barabara, na nimeona baadhi ya watu wakitazamana. Siku kama ya leo tumezoea kusikia juu ya nyumbani tulikotoka, juu ya mgawo, na juu ya karo za watoto. Hayo yote ni ya haki. Lakini viwanja vipya vinapimwa upande wa mashariki wa shule, vigingi vimekwisha kupigwa, na barabara ya moramu inayopita sokoni itachongwa na kupanuliwa kabla ya mvua za Septemba. Tukinyamaza sasa, tutakuja kusema wakati nyumba zimekwisha jengwa. Ndiyo maana niliomba nisemee jambo hili leo hii.

Kabla ya kuja hapa niliishi Kampala miaka sita, kwanza Kisenyi, halafu Katwe, kama wengi wenu mlivyoishi. Kampala njia ya mkato huitwa panya. Neno ni letu la Kiswahili, lakini limeingia katika mazungumzo ya kila mtu kule: mwenye bodaboda akikuambia mpite panya, ana maana ya kukupitisha vichochoroni asikutane na foleni wala na polisi. Mtaani kwetu palikuwa na panya moja iliyopita kati ya viwanja viwili, upana wake mtu mmoja na ndoo yake. Kwa njia hiyo mtoto alifika shuleni kwa dakika tano bila kuona gari.

Siku moja mwenye kiwanja akajenga ukuta. Hakumwibia mtu. Ardhi ilikuwa yake, karatasi alikuwa nazo, wala hapakuwa na ramani yoyote iliyosema kwamba pale pana njia. Tangu siku hiyo watoto walilazimika kushuka hadi barabara kuu, kutembea kando yake karibu kilometa nzima, halafu kupanda tena. Na kando ya barabara ile hapakuwa na mahali palipotengwa kwa waendao kwa miguu. Upande mmoja palikuwa na mtaro ulio wazi, upande wa pili taksi zilikuwa zikipakia abiria, na watoto walipita katikati, juu ya lami. Haikupita miezi miwili, mtoto wa jirani yangu, mvulana wa miaka minane, akagongwa na lori. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mguu ulivunjika mahali pawili na mwaka mzima wa masomo ukampotea.

Jioni ile palikuwa na kelele nyingi. Dereva alilaumiwa kwa mwendo wa kasi. Mama alilaumiwa kwa kumwacha mtoto aende peke yake. Mtoto mwenyewe alilaumiwa, eti alikuwa akicheza. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwamo, aliyeutaja ukuta.

Ili mnielewe, niwaeleze jinsi mji ule ulivyokaa. Kampala ni mji wa vilima: Mengo, Namirembe, Rubaga, Kibuli, Makerere, Nakasero, Kololo, Makindye na vingine, na katikati ya vilima kuna mabonde ya maji na mafunjo. Kapteni Lugard alijenga ngome yake juu ya kilima cha Old Kampala mwezi Desemba 1890, akitazamana na ikulu ya Kabaka iliyokuwa Mengo. Baadaye ikakua miji miwili iliyopakana. Mmoja ulikuwa wa Wazungu na Wahindi upande wa Nakasero, wenye mitaa iliyochorwa na wapimaji. Wa pili ulikuwa Kibuga, mji wa Waganda kuizunguka Mengo, wenye barabara zake zilizotoka ikuluni kwenda pande zote za nchi. Kila mji ulikuwa na utawala wake hadi miaka ya 1960, na aliyepanga mitaa ya huku hakuwa na neno juu ya vijia vya huko.

Kisha kuna jambo la ardhi. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda uligawa ardhi kwa maili za mraba, na ndiyo sababu mpaka leo ardhi ya namna hiyo huitwa mailo. Wenye mailo walikata vipande wakauza, na walionunua wakakata tena. Kila muuzaji aliacha njia ya kufikia kiwanja alichouza, basi. Kwamba njia hiyo itokee upande wa pili na kukutana na ya jirani, hiyo haikuwa kazi yake. Hivyo ukiingia mitaa mingi ya Kampala unafuata njia nzuri, unapinda, unapinda tena, mwisho unakuta geti la mtu na mbwa. Hata pale palipopangwa na wataalamu, kama Kololo na Naguru katika mpango wa Mjerumani Ernst May uliotolewa mwaka 1947, barabara zinapinda kufuata kilima. Zinampendeza mwenye gari. Mpishi anayeshuka kutoka Kololo jioni huzitazama kwa jicho jingine.

Na mabonde je? Kuvuka bonde la mafunjo kunahitaji tuta na kalivati, navyo ni ghali, kwa hiyo mivuko ni michache. Matokeo yake ni kwamba barabara chache tu, za Entebbe, Masaka, Hoima, Bombo, Jinja na Gaba, zinakusanya watu wa vilima vyao na kuwamwaga karibu wote katikati ya mji. Lori la saruji, taksi ya abiria 14, bodaboda, mkokoteni wa matoke, mama mwenye mtoto mgongoni na mwanafunzi mwenye kitabu mkononi, wote wanapita katika uzi ule ule mmoja, kwani hakuna mwingine. Watu wengi wa Kampala huenda kazini kwa miguu. Hawaendi barabara kuu kwa kupenda. Wanasukumwa huko na mitaa isiyotokea.

Sasa sikilizeni habari ya mwendo. Gari likienda kilometa 30 kwa saa juu ya lami kavu, dereva akimwona mtoto ghafla, tangu kuona hadi kusimama atatumia mita 13 hivi. Akienda kilometa 60 kwa saa atahitaji mita 35 na zaidi. Kasi imeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama umekaribia mara tatu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu anayegongwa na gari la kilometa 65 kwa saa ni mara nne na nusu ya yule anayegongwa kwa kilometa 50. Taarifa ya Polisi ya Uganda kwa mwaka 2024 ilitaja vifo vya barabarani zaidi ya 5,000 katika nchi nzima, na makundi yaliyoumia zaidi ni waendao kwa miguu na waliopanda pikipiki.

Tumezoea kusema kwamba kasi ni tabia ya dereva. Tabia ipo, sikatai, na pombe ipo. Lakini dereva yule yule anayepaa kwenye barabara pana iliyonyooka utamwona anatambaa akiingia mtaa wenye njia panda kila baada ya hatua chache, kwani hajui nani atatokea wapi. Barabara yenyewe inamwambia aende vipi. Wataalamu wawili wa Marekani, Wesley Marshall na Norman Garrick, walilinganisha miji 24 ya jimbo la California na kutoa matokeo yao mwaka 2011. Waliona kwamba miji yenye njia panda nyingi katika eneo dogo, yaani yenye vipande vifupi vya mitaa, ilikuwa na vifo vichache vya barabarani, na mingi ya miji hiyo ni ya zamani, iliyochorwa kabla kila mtu hajawa na gari. Miji yenye mitaa iliyozibwa na barabara kuu pana ndiyo iliyoua zaidi. Najua California si Kampala; kule karibu kila mtu mzima ana gari. Lakini miguu ya mtu ni ile ile, na chuma ni kile kile. Tena wataalamu hao hawakusema kila kichochoro kifunguliwe kwa magari. Walisema barabara kuu zenye njia nyingi za magari huongeza ajali. Hapo pana tofauti ambayo naomba tuishike: njia nyingi kwa miguu, na mwendo mdogo kwa magari.

Kampala kwenyewe mtaona jambo hili katika barabara ya kuzunguka mji upande wa kaskazini, ile iitwayo Northern Bypass. Ina urefu wa kilometa 21 hivi kutoka Busega hadi Bweyogerere, na ilifunguliwa mwaka 2009 ili malori yasipite katikati ya mji. Nia ilikuwa njema. Lakini ilipita Bwaise, Kalerwe na Kyebando, mahali ambapo watu walikuwa wakivuka kwenda sokoni na shuleni kila siku. Soko halikuhama, shule haikuhama, watu wakaendelea kuvuka, safari hii mbele ya magari yanayokimbia. Baadaye barabara ilipanuliwa na madaraja yakaongezwa. Niliwahi kusimama Kalerwe asubuhi nikawatazama wanaovuka. Mwenye beseni la nyanya kichwani hapandi ngazi ikiwa anaona uwazi mbele yake, na mimi simlaumu, maana nami sikupanda.

Kuna mahali pengine ambapo walijaribu kinyume chake. Serikali ya Uganda ilitoa mwaka 2012 sera ya usafiri usiotumia injini, yaani wa miguu na baiskeli, na Mamlaka ya Jiji la Kampala ikachagua barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum, karibu na Old Taxi Park, pawe mahali pa majaribio. Njia za miguu zikapanuliwa na magari yakapunguziwa nafasi. Wenye maduka walinung'unika, pikipiki zikapanda juu ya njia za miguu, na wachuuzi wakatandika bidhaa. Hata hivyo ukipita pale na mtoto unamshika mkono mmoja tu, si miwili.

Nisiache kuwasimulia barabara moja ya Mengo, maana wengi mmeipita bila kuitambua. Kutoka Lubiri, ikulu ya Kabaka, hadi Bulange, jengo la Lukiiko, kuna barabara iliyonyooka yenye urefu wa kama maili moja. Katikati yake pana kipilefti, na ndani ya kipilefti kile pana njia yenye geti. Sisi wote tunazunguka. Kabaka peke yake hufunguliwa geti akakata katikati, kwani si heshima yake kuzungushwa. Kila nilipopita pale na mzigo kichwani nilijiambia kwamba mwenye haki ya kupita moja kwa moja ni yule anayebeba mzigo kwa kichwa chake. Mwenye gari akizungushwa anapoteza petroli kidogo tu.

Sasa turudi hapa kwetu.

Wenzetu wa mashirika wana kipimo kinachosema kwamba bomba la maji lisiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka kwenye nyumba. Ni kipimo kizuri na nawashukuru wanaokifuata. Lakini katika ramani mita 500 hupimwa kwa bikari: unaweka ncha kwenye bomba, unazungusha duara, nyumba zote zilizomo zimehesabiwa kuwa zina maji. Ndege akitaka kunywa atapita hivyo. Mama mwenye jerikeni hapiti hivyo.

Viwanja vinavyopimwa mashariki ya shule vimepangwa kwa mstari mmoja mrefu. Mimi na vijana wawili tuliupima kwa kamba: mita 600 urefu na mita 100 kwenda ndani, bila pengo hata moja. Chukua nyumba iliyo katikati ya mstari upande wa juu, na bomba lililo katikati upande wa chini. Ukipiga mstari ni mita 100, na katika ramani nyumba hiyo ina bahati kuliko zote. Kwa miguu unakwenda mita 300 hadi mwisho wa viwanja, unashuka mita 100, unarudi mita 300. Jumla mita 700. Mama akienda mara tatu kwa siku, kwenda na kurudi, ametembea kilometa 4 na mita 200, nusu yake akiwa na lita 20 kichwani. Kukiachwa kijia kila baada ya mita 100, nyumba hiyo haitazidi mita 200 kufika bombani, yaani kilometa 1 na mita 200 kwa siku. Maji ni yale yale, bomba ni lile lile, wala hakuna fedha iliyotafutwa kwa mfadhili. Ni vigingi tu vimesogezwa.

Tena angalieni mahali ambapo mzunguko ule unapita. Mwisho wa viwanja upande wa magharibi unatokea kwenye barabara ya moramu. Ikichongwa na kupanuliwa, malori ya chakula na magari ya mashirika yatakwenda kasi kuliko sasa, maana leo ni mashimo tu yanayowazuia. Watoto watakuwa wakizunguka huko huko. Samahani kwa wageni wetu, lakini ni vyema tuseme wazi: magari yaendayo kasi hapa kwetu mengi yana nembo mlangoni.

Waliotoka Goma wanakumbuka Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipoukata mji katikati. Watu walianza kupita juu yake ikiwa bado ya moto, wakiunguza viatu, kwani jamaa zao na soko walikuwa upande wa pili. Mtu akifungiwa njia hatulii. Atapita pale palipobaki, hata kama panaunguza.

Najua yapo maneno yanayosemwa dhidi ya vijia. Mzee mmoja wa kitongoji chetu aliniambia kwamba njia nyingi ni milango mingi ya wezi. Nimelifikiria neno lake na sina jibu la kumfunga mdomo. Kichochoro chembamba kilichopakana na migongo ya nyumba, chenye giza, kweli ni mahali pabaya, na wasichana wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo kijia kisiwe cha mita moja kama panya ya Katwe. Kiwe cha mita 3, kinyooke ili mtu aone mwisho wake kabla hajaingia, na milango ya jikoni itazame huko. Mahali wanapopita watu wengi mchana kutwa, mwizi hana raha.

Wengine wanauliza bodaboda. Kama kijia kinapitisha kiti cha magurudumu cha ndugu zetu walemavu, kitapitisha na pikipiki. Hakuna nguzo inayojua kuchagua. Hilo tutalimaliza kwa kuzungumza na mwenyekiti wa stegi, ambaye namwona amekaa pale nyuma na anacheka. Kuhusu mvua, kijia kikishuka mlima bila mawe kitakuwa korongo katika msimu mmoja. Kazi hiyo ni yetu wenyewe, kwa majembe yetu.

Na wale watakaopunguziwa viwanja? Vijia vitano vya mita 3 vinachukua mita 15 katika mita 600. Zikigawanywa kwa viwanja vyote, kila mmoja anatoa kidogo sana. Zikichukuliwa kwa watu watano tu, hao wameonewa, nami nitasimama upande wao. Kwa hiyo vigingi vyote visogezwe pamoja, sasa, kabla mtu hajapanda muhogo wala kufyatua tofali. Baada ya tofali la kwanza tutakuwa tunamwomba jirani abomoe nyumba.

Kuhusu barabara ya sokoni, ombi letu kwa wahandisi ni kwamba ichongwe, ndiyo, maana wagonjwa hupita humo, lakini isipanuliwe katika kipande cha shule hadi soko. Badala ya upana huo tupewe mtaro uliofunikwa wa kutembelea juu yake, na matuta mahali watoto wanapovuka. Mahali hapo tunapajua. Hatuhitaji mtaalamu wa kuja kuhesabu.

Wapimaji wamekubali kutusikiliza. Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, tutakutana kwenye bomba la pili. Nitaleta kamba ya mita 100, na kalamu ya rangi ya kuandikia vigingi. Kila kitongoji kilete mama mmoja anayechota maji na mtoto mmoja wa darasa la tatu au la nne, kwani hao ndio wanaozijua njia zote, na mwenye kiti cha magurudumu kama anaweza kufika. Anayekuja avae viatu, miiba imejaa upande ule.